Makao ya mbwa na paka: Wajibu uliosahaulika Malindi na Kilifi

KILA mwaka Pasaka inapopita na upepo wa kaskazi kuupisha ule wa kusi, shughuli katika ufuo wa Malindi na Watamu hupungua kwa ghafla. Hoteli kadhaa hufunga milango hadi Julai, wageni hurudi kwao na vibarua hurejea Ganze, Magarini na Kaloleni kungoja msimu mwingine.

Lipo kundi moja ambalo halina pa kurejea. Paka waliozoea makombo ya jikoni na mbwa waliolinda majumba ya kukodisha hujikuta nje ya lango lililofungwa. Wengine huhamia majaa ya taka na fuo ambako wavuvi hushusha samaki. Wengine huokotwa na watu wenye huruma ambao tayari wana wanyama wengi kuliko nafasi waliyo nayo.

Ndipo ombi lile lile husikika tena: kuna mbwa au paka anayehitaji makao kwa dharura, ni nani atakayemchukua?

Ombi hilo ni la haki, na anayeliitikia anastahili shukrani. Hata hivyo, kulichukulia kuwa suala la huruma ya mtu binafsi pekee ni kulikwepa swali lililo kubwa zaidi. Ni nani anayepaswa kuhakikisha kuwa wanyama hao wana mahali pa kuhifadhiwa? Jibu liliandikwa katika Katiba ya Kenya mwaka wa 2010. Kukosa kulitekeleza kunayaweka hatarini maisha ya watoto wa Pwani pamoja na ya wanyama wenyewe.

Paka wa Sokoke

Historia ya eneo hili ina kisa kimoja kinachoonyesha thamani ya mnyama kupata wa kumchukua.

Mnamo mwaka wa 1978, mkazi wa Watamu kwa jina Jeni Slater aliwapata watoto wa paka katika shamba la minazi, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke. Manyoya yao yalikuwa na madoadoa na mistari iliyofanana na gamba la mti. Wagiriama walimfahamu paka huyo kabla ya hapo na walimwita khadzonzo.

Slater aliwachukua watoto hao akawalea. Katika miaka ya 1980 baadhi ya paka wa kizazi hicho walisafirishwa hadi Denmark na rafiki yake, Gloria Moeldrup. Mwaka wa 1993 shirikisho la wafugaji paka la FIFe, lenye mizizi yake Ulaya, lilimtambua rasmi paka huyo kuwa aina ya kipekee, kwa jina la Sokoke.

Hivi leo Sokoke ana hati za nasaba, hupelekwa maonyeshoni na hufugwa na watu maalum wanaofuatilia kizazi chake kwa makini. Kinaya ni kwamba jamaa zake waliobaki Kilifi hawana hata bakuli la maji. Waliopelekwa Denmark hawakuwa na sifa kubwa kuliko wenzao walioachwa nyuma; walibahatika tu kukutana na mtu aliyefungua mlango.

Kasa na nyoka wana pa kwenda

Kilifi si kaunti isiyojua kuwahifadhi wanyama. Kwa hakika, ni miongoni mwa maeneo ya kupigiwa mfano humu nchini.

Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilibuniwa mwaka wa 1968. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka wa 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupokea simu kutoka kwa wavuvi ambao nyavu zao zimemnasa kasa. Kasa mzima hurudishwa baharini, naye aliyejeruhiwa hutibiwa katika kituo cha shirika hilo hadi apone.

Hata nyoka ana makao. Kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa Watamu mwaka wa 1980 na marehemu James Ashe, hutunza nyoka na kuwaelimisha wakazi kuhusu namna ya kumsaidia mtu aliyegongwa.

Mafanikio hayo yana siri moja. Mvuvi anajua ni nani wa kupigiwa simu, na anayepigiwa simu anajua kwamba kazi hiyo ni yake. Tofauti na hivyo, mkazi wa Mtwapa au Gongoni anayemkuta mbwa mwenye mguu uliovunjika kando ya barabara mara nyingi hajui ampigie nani. Atapita njia yake, au atamchukua na kumpeleka kwake, ambako pengine kuna wengine watano.

Wanyama wa porini wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo ni la serikali ya kitaifa. Kasa na nyoka wamepata pia wahisani, kwa sababu watalii husafiri kuja kuwaona. Mbwa koko na paka shume hawana mtalii wa kulipa kiingilio ili kuwatazama. Je, wao ni wa nani?

Katiba inasemaje?

Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, linaorodhesha majukumu ya serikali za kaunti. Katika kipengele cha sita kaunti imepewa jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Katiba haikuishia hapo. Ilifafanua kuwa jukumu hilo ni pamoja na kutoa leseni za mbwa, na kuwa na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika.

Kwa maneno mengine, makao ya wanyama yametajwa katika sheria kuu ya nchi sawa na soko, maktaba na shule ya chekechea. Walioiandika Katiba walikumbuka hata maziko.

Lipo jambo jingine katika orodha hiyo ambalo aghalabu hupitwa na wasomaji. Kipengele cha pili, kinachohusu huduma za afya za kaunti, kinataja vituo vya afya, maduka ya dawa na ambulensi, kisha kinaongeza huduma za matibabu ya wanyama. Daktari wa watu na daktari wa mifugo wamewekwa chini ya paa moja. Katiba ilikwisha kutambua kwamba afya ya mbwa wa jirani na afya ya mtoto wa nyumbani haziwezi kutenganishwa.

Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, barabara, maji, basari na zahanati zilipata watetezi kila wadi. Kipengele cha sita hakikupata mtetezi. Mbwa hapigi kura, naye mwenye kumtetea huogopa kuulizwa iwapo watu wamekwisha kushiba ndipo wanyama wakumbukwe.

Katika hali hiyo, sehemu kubwa ya kazi imebaki mikononi mwa wahisani. Chama cha Kuwalinda na Kuwatunza Wanyama (KSPCA) kina mizizi inayorudi nyuma hadi mwaka wa 1910, lakini makao yake makuu yako Nairobi na uwezo wake hauwezi kufika kila kijiji cha kaunti 47. Ufuoni, mzigo umebebwa na watu wa kujitolea wanaonunua chakula na dawa kwa fedha zao wenyewe.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, imekuwapo tangu mwaka wa 1962. Sheria hiyo humwadhibu anayempiga mnyama kikatili au kumnyima chakula na maji. Hata hivyo, adhabu hutolewa baada ya madhara kutokea. Haiwezi kumpa mnyama mahali pa kulala.

Hesabu ya kituo

Wengi hudhani kuwa suluhu ni kujenga kituo kikubwa na kuwakusanya wanyama wote humo. Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini dhana hiyo haitoshi.

Chukulia kituo chenye nafasi ya mbwa 40. Kikipokea mbwa wanane kila mwezi na kuwapatia makao watatu pekee, watano hubaki. Baada ya miezi minane kituo kimejaa. Kutoka siku hiyo msimamizi anabaki na njia mbili chungu: kulifunga lango kwa mbwa wa 41, au kuchagua ni yupi kati ya waliomo atakayeuawa ili kumpisha mwingine.

Hiyo ndiyo maana halisi ya neno "dharura" katika maombi yanayotolewa kwa umma. Mara nyingi mnyama anayetafutiwa makao haumwi. Muda wa nafasi yake ndio unaokwisha. Anayejitokeza kumchukua mbwa mmoja huwa amewaokoa wawili, yaani yule aliyekwenda naye na yule atakayeingia mahali pake.

Isitoshe, makao bila mpango wa uzazi hugeuka kuwa chanzo cha tatizo jipya. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka hubeba kwa muda unaokaribiana na huo, na anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwenye kumchukua mbwa jike asiyefungwa kizazi kwa moyo mwema anaweza kurudi mlangoni mwa kituo kile kile mwaka unaofuata akiwa na kikapu cha watoto sita.

Kwa sababu hiyo, vituo vinavyofanya kazi yake vizuri humtoa mnyama akiwa amekwisha kuhasiwa au kufungwa kizazi, amechanjwa na ametibiwa minyoo. Mnyama wa namna hiyo humletea mpokeaji gharama ndogo kuliko mtoto wa mbwa anayetolewa bure kando ya barabara.

Hatari iliyo mlangoni

Fauka ya huruma, lipo suala la uhai wa binadamu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kila mwaka kote duniani, wengi wao barani Asia na Afrika. Humu nchini, mpango wa kitaifa wa kuutokomeza uliozinduliwa mwaka wa 2014 ulikadiria kuwa hadi watu 2,000 hufariki kila mwaka.

Katika karibu visa vyote, binadamu huambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona.

La kusikitisha ni kwamba kifo hicho kinaweza kuzuiwa. Kidonda kikioshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na majeruhi akapata chanjo upesi hospitalini, maisha yake huokolewa. Lakini chanjo hiyo huhitaji dozi kadhaa kwa siku tofauti, na gharama yake ni kubwa mno ikilinganishwa na ile ya kumchanja mbwa mmoja. Kwa familia iliyoko mashinani Magarini au Ganze, nauli ya kurudi hospitalini mara kadhaa pekee ni mzigo.

Hapa ndipo mpangilio wa Jedwali la Nne unapopata maana. Hazina ya kaunti isiyonunua chanjo ya mbwa ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kununua chanjo ya mtoto aliyeumwa. Dawa ikikosekana hospitalini, gharama humwangukia mzazi.

Kwa miaka mingi jibu la serikali za mitaa kwa mbwa wanaozurura lilikuwa sumu na risasi. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, iliwapa maafisa uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe na wachanjwe, na pia wa kuwaangamiza wasiokuwa na mwenyewe. Kati ya njia hizo, kuua kulionekana kuwa ndiko kwepesi.

Wataalamu wa afya hawaiungi mkono njia hiyo. Mbwa wakiuawa katika mtaa, chakula kilichowavutia pale hubaki, na wengine huja kutoka mitaa jirani bila mtu kujua wana ugonjwa gani. Mara nyingi wanaokufa kwa sumu ni wale waliokwisha kuchanjwa, kwa vile ndio waliozoea kumkaribia binadamu. WHO hushauri kuwa angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wachanjwe, nao huwa ngao kwa waliosalia.

Funzo kutoka Pemba

Kwa wanaotilia shaka iwapo hilo linawezekana katika mazingira ya Pwani, mfano upo karibu, ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Pemba.

Mwaka wa 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikienea Pemba. Kampeni za kuwachanja mbwa zilizorudiwa kwa miaka minne ziliumaliza ugonjwa huo kufikia mwaka wa 2014. Mnamo mwaka wa 2016 virusi viliingizwa tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarejeshwa, na kufikia mwishoni mwa mwaka wa 2018 maambukizi yakawa yamekomeshwa kwa mara ya pili. Watafiti walioufuatilia ugonjwa huo walichapisha matokeo hayo mwaka wa 2023.

Pemba ni kisiwa cha Waswahili na Waislamu, chenye uchumi wa karafuu na uvuvi. Si tajiri kuliko Kilifi. Kilichosaidia ni kwamba mbwa alichukuliwa kuwa jukumu la umma, na chanjo ikafuata ratiba badala ya kungoja mtu aumwe.

Ipo tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Pemba imezungukwa na bahari, ilhali Kilifi inapakana na kaunti nyingine na mbwa huvuka mipaka bila kibali. Hiyo ni sababu ya kuongeza ushirikiano na Mombasa, Kwale, Tana River na Taita Taveta. Haiwezi kuwa sababu ya kutoanza.

Dini na mila

Wapo wanaosema kuwa wito wa kuwachukua wanyama hauna nafasi katika miji yenye Waislamu wengi kama Malindi. Kauli hiyo inahitaji kupimwa kwa makini.

Kuhusu paka hakuna ubishi. Paka huingia nyumbani na msikitini bila kufukuzwa, na Abu Huraira, mmoja wa masahaba mashuhuri, alijulikana kwa jina linalotokana na paka. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula.

Kuhusu mbwa, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi Pwani, huyahesabu mate yake kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, unajisi haumaanishi ruhusa ya kutesa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Qurani inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na watu wa pangoni, na Hadithi inasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Kwa hivyo, familia isiyotaka mbwa ndani ya nyumba inaweza kumpa kibanda uani, maji na chanjo bila kukiuka imani yake. Miongoni mwa Wamijikenda, mbwa amekuwa mlinzi wa boma na shamba tangu jadi, na mkulima anayepakana na msitu anajua gharama ya mahindi yanayoachwa bila wa kuwafukuza nyani. Kinachokosekana katika maboma mengi ni chanjo na shibe. Makao yapo.

Watu hawa ndio wapokeaji wakubwa wa wanyama ambao vituo vingepaswa kuwafikia, kwa Kiswahili na Kigiriama, kupitia mabaraza ya machifu, misikiti, makanisa na shule. Ombi linaloandikwa kwa lugha za kigeni pekee huwafikia wachache, tena walio wapitaji.

Wageni hawatoshi

Kwa muda mrefu, kuwachukua wanyama ufuoni kumeonekana kuwa shughuli ya Wazungu. Ni kweli kwamba wakazi wenye asili ya Italia na mataifa mengine wamefanya mengi. Lakini hatari ya kutegemea wageni ilidhihirika mwaka wa 2020.

Machi mwaka huo safari za ndege za kimataifa zilisitishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Aprili, Kilifi ikawa miongoni mwa kaunti zilizofungiwa watu wasitoke wala kuingia. Ndege za kimataifa hazikuruhusiwa tena hadi Agosti 1. Hoteli zilipofunga, jikoni zilizowalisha paka zilizimwa, na wafanyakazi waliowamwagia makombo wakawa wenyewe hawana mshahara.

Hata katika mwaka wa kawaida, mtalii aliyempenda mbwa wa ufuoni hawezi tu kumpakia kwenye ndege. Umoja wa Ulaya unahitaji mnyama kutoka Kenya awekwe kifaa cha utambulisho chini ya ngozi, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, apimwe damu baada ya siku zisizopungua 30, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Kwa jumla ni miezi minne au zaidi, ilhali likizo ya mgeni huwa ya wiki mbili.

Katika miezi hiyo lazima awepo mwenyeji wa kumtunza mbwa huyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika suala hili mwenyeji hawezi kungoja kuponywa na mgeni.

Nini kifanyike?

Hatua zinazohitajika hazihitaji fedha nyingi kama inavyodhaniwa. Kwanza, kaunti haina haja ya kuanza kwa majengo makubwa. Inaweza kutenga kiwanja, maji na daktari wa mifugo wa siku maalum, kisha ikaingia mkataba na wanaojitolea ambao tayari wana ujuzi. Simu moja inayojulikana na kila mkazi, kama ile ya kasa, ingekuwa mwanzo mwema.

Pili, leseni ya mbwa iliyotajwa na Katiba iambatanishwe na chanjo. Mkulima akimleta mbwa, achanjiwe na apewe kadi papo hapo bila malipo. Leseni isiyokuwa na faida kwa mwenye mbwa itamfanya amfiche.

Tatu, hoteli zichukue jukumu la paka wanaoishi katika viwanja vyake. Paka waliofungwa kizazi na kuchanjwa huzuia panya bila kuongezeka kila msimu. Meneja anayefunga hoteli mwezi wa Aprili anajua tarehe hiyo mapema, na anaweza kupanga ni nani atakayebaki na funguo na chakula cha wanyama kama anavyopanga ni nani atakayebaki kulinda lango.

Nne, anayejitolea kumchukua mnyama aulizwe maswali kabla ya kukabidhiwa. Je, ana ua? Ni nani atakayemlisha akisafiri? Amekubali kumrudisha kituoni iwapo atashindwa, badala ya kumtupa sokoni? Mbwa anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Anayemchukua kwa sababu ya picha ya kuvutia bila kuwaza miaka hiyo huwa ameiahirisha dharura badala ya kuimaliza.

Aidha, wakazi wenyewe wana nafasi katika mashauri ya bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, makadirio ya matumizi ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Tarehe hiyo huangukia katika majuma yale yale ambapo hoteli za Malindi na Watamu hufunga na wanyama kubaki nje.

Hivyo basi, wanaotuma maombi ya kuwatafutia mbwa na paka makao wakati huo wangefaa kuyapeleka pia katika vikao vya bajeti, wakiwa na nakala ya Jedwali la Nne mkononi. Swali lao ni jepesi: katika makadirio ya mwaka huu, kipengele cha sita kimetengewa kiasi gani?

Kenya imejiwekea lengo la kutokomeza vifo vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, lengo ambalo ni la dunia nzima. Muda uliosalia ni mfupi, na kazi yenyewe haitafanyika Nairobi. Itafanyika uani, sokoni na ufuoni, mahali mbwa walipo.

Methali ya Pwani husema kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa mbwa na paka wanaoachwa kila msimu kati ya Mtwapa na Gongoni, wapo wakazi wanaoingia majini kuwavuta mmoja mmoja. Kuutengeneza ufuko ni kazi ambayo Katiba iliipa kaunti.